Jina la Mtupa Mchanga

Mtu akikuomba uandike historia ya reli, mwambie unaumwa. Mimi sikusema hivyo. Nilikuwa na mwaka wa sita tangu nistaafu ukarani wa stesheni ya Simdara, mke wangu ameshachoka kuniona nimekaa tu nyumbani, na kamati ya maadhimisho ilipokuja na skafu ya hariri na boksi la peremende nikavimba kichwa. Nikakubali kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo usingizi wa mchana nausikia kwa jirani.

Kamati ilitaka vitu viwili. Cha kwanza ni kijitabu cha kurasa thelathini, cha kuwauzia watalii wanaopanda treni yetu ndogo kwenda kupiga picha milima ya theluji. Cha pili ni orodha ya wafanyakazi waliofia kazini, ichongwe kwenye jiwe litakalosimamishwa pale abiria wanapopandia. Kijitabu chenyewe kilinitoa jasho. Familia tano zilikuja kuniapia, kila moja kwa siku yake, kwamba babu yao ndiye aliyemwonyesha Mwingereza pa kupitisha reli. Kama wote wanasema kweli, basi yule Mwingereza alikuwa kipofu na alizungushwa mlimani na watu watano wanaogombana. Mzee mmoja aliniletea msumari wa kwanza wa reli, umefungwa kwenye kitambaa chekundu, na nilipoufuta kutu nikakuta mhuri wa kiwanda kilichojengwa nikiwa darasa la nane. Mwishowe niliandika kwamba reli ilijengwa na kwamba inapanda, yaliyobaki nikawaachia wagombane.

Lakini lililotaka kuniua ni jiwe. Majina yalikuwa kumi na saba. Kumi na sita niliyapata ndani ya wiki mbili, pamoja na koo zao. La kumi na saba lilikuwa la mtu anayeitwa Saila.

Sasa, Saila si jina. Kwetu huku milima ya Darjeeling mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa Jetha, wa pili Maila, wa tatu Saila, na kitindamimba ni Kancha. Lile jina alilopewa na kuhani siku za mwanzo linatunzwa kama nguo ya sikukuu, halitoki ovyo. Mtu anakua, anaoa, anazeeka na kufa, jirani yake hajui aliitwa nani. Simama sokoni Simdara uite Saila, watageuka wauza kabichi wanane na polisi mmoja. Mila hii nimezaliwa nayo na sijawahi kuiona kuwa na kasoro, mpaka nilipopewa kalamu.

Saila huyu alikuwa mtupa mchanga. Kazi hiyo ipo hadi leo. Watu wawili wanakaa mbele kabisa ya injini, juu ya bampa, na mchanga mkavu uliochekechwa uko kati yao. Ukungu ukilowesha reli na magurudumu yakaanza kuteleza, wanautupa kwa mkono, konzi kwa konzi, huku chuma chote kile kinawasukuma kutoka nyuma. Watalii wanawapiga picha, kisha wanauliza kwa nini hakuna mashine. Mashine imeshajaribiwa, na mchanga unaganda humo ndani kwa unyevu.

Oktoba ya mafuriko makubwa, mimi nikiwa na miaka kumi, mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Asubuhi ya siku ya nne treni ilikuwa inashuka kwa kutambaa na abiria themanini, ukungu mzito huoni hatua kumi mbele. Kwenye kona moja juu ya Simdara Saila alihisi kitu asichokipenda chini ya reli, akaruka, akatangulia kwa miguu. Mbele kidogo akakuta reli zinaning'inia hewani na ardhi haipo. Akarudi mbio akipunga gunia la mchanga. Dereva akaliona, akafunga breki, treni ikasimama. Kisha pale aliposimama Saila pakamomonyoka, akaenda napo bondeni. Siku hiyohiyo mlima ulibeba nyumba ya kwao, mama yake, na kaka zake Jetha na Maila. Hakuna mwili hata mmoja uliopatikana.

Nikaingia kwenye makabati ya stesheni. Madaftari ya miaka ile yameliwa na panya, yaliyosazwa na panya yameliwa na unyevu. Nilipata ukurasa mmoja tu wa mishahara, umeandikwa "Saila, mtupa mchanga," na pembeni alama ya dole gumba. Karani wa wakati ule alikuwa mvivu, na nasema hivyo nikiwa karani mwenzake. Nikaenda kwa mtoto wa kuhani wa zamani. Akaniambia baba yake aliwafanyia ibada marehemu wa mafuriko kwa pamoja, zaidi ya sitini, kwa sababu bado mvua ilikuwa inanyesha na watu walikuwa wanataka kukimbia.

Akabaki mtu mmoja tu duniani, mjane wake. Mke wa Saila kwetu ni Saili, na Saili huyu ana miaka sabini na moja sasa. Aliolewa akiwa na kumi na minne, akakaa na mumewe miezi minane, basi. Hakuolewa tena wala hakupata mtoto. Anauza viazi vya pilipili na mchele uliopondwa, hatua tatu kutoka kwenye reli. Treni ikipiga honi anavuta meza yake ndani, ikishapita anairudisha. Mji mzima unamheshimu, na akina mama wakitaka kuwasema mabinti zao wanamtolea mfano yeye.

Nilimwendea Jumatatu nikijua ni kazi ya dakika tano. Nikamweleza habari ya jiwe, nikamwambia tunahitaji jina la shemeji, lile la kuzaliwa. Akanipa sahani ya viazi. Nikala, nikauliza tena. Akaniambia, kwa upole kama anayemfundisha mtoto, kwamba mke hatamki jina la mumewe, kwa sababu akilitamka anampunguzia siku za kuishi.

"Dada Saili," nikamwambia, "shemeji hana siku za kupunguzwa. Amefariki mimi bado navaa kaptula."

"Hayo unasema wewe."

"Sisemi mimi. Mlima ndio uliosema."

"Basi nenda kauulize huo mlima anaitwa nani."

Wateja wakacheka. Nikalipa viazi vyangu nikaondoka.

Niseme ukweli, sikuwa na haki ya kushangaa. Mke wangu ananiita Baba Sunita, na kabla Sunita hajazaliwa alikuwa ananiita "we, unasikia." Nilipolazwa kwa nyongo, nesi alimwuliza jina la mgonjwa, akaninyooshea kidole. Nilikuwa na maumivu ya kufa na ikabidi nijitaje mwenyewe, Padamlal. Kwa hiyo mila naijua. Ila wangu walau angeweza kuandika. Saili hajui herufi. Kadi yake ya kura imeandikwa jina la baba yake, na nilipoona hivyo nikataka kuitafuna.

Jumanne nikampeleka mke wangu amshawishi, mwanamke kwa mwanamke. Nilikaa kwenye benchi la stesheni saa nzima nikiwaangalia wanacheka. Aliporudi nikamwuliza amepata nini. Akasema Saili naye goti lake la kushoto linamsumbua, na kwamba mafuta ya haradali yanasaidia. Kuhusu jina akaniambia nimwache mwenzangu na adabu zake.

Jioni yake nikaitwa na mwenyekiti wa kamati, Norden Lama, mwenye hoteli ile ya maji ya moto. Norden si mtu mbaya, ila ana haraka, na mtu mwenye haraka ukimweka karibu na historia lazima kitu kivunjike. Nikamwomba tuchonge "Saila" hivyo hivyo, tuongeze kazi yake.

"Karani, lile ni jiwe, siyo daftari la chekechea," akasema. "Mtalii ataniuliza Saila ni nani, nimjibu nini? Namba tatu?"

Nikamwambia mtu huyo aliokoa watu themanini. Akakuna kidevu. Akasema, bila hata kuinua sauti, kwamba kwa kweli aliyesimamisha treni ni aliyefunga breki, na aliyefunga breki ni babu yake, dereva Phurbu Lama, ambaye jina lake linajulikana vizuri na lina picha. Mchongaji anataka orodha Alhamisi asubuhi. Kama hakuna jina kamili na ukoo, majina yawe kumi na sita, na kwenye kijitabu niandike kwamba treni ilisimamishwa na dereva.

Nilitoka pale, njia nzima nikibishana naye peke yangu. Phurbu Lama alikuwa dereva mzuri na breki alifunga kweli, hilo nimeliandika. Lakini breki ilifungwa kwa sababu kuna kijana aliona gunia lake linatosha kuwa bendera. Na sasa atafutwa kwa sababu mama yake alimwita wa tatu na mkewe ana adabu kupita kiasi.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Saili nikiwa nimeshakasirika tangu nyumbani. Palikuwa na wateja wanne. Sikusalimia. Nikamwambia mbele yao kwamba nimechoka, kwamba kesho jiwe linachongwa, na kwamba akiendelea kukaza mdomo basi kazi ya mumewe itaandikwa kwa jina la mtu mwingine, watu wataisoma miaka mia, na hilo litakuwa limefanywa na adabu zake. Nikamwuliza hiyo ni heshima gani ya kumzika mtu mara mbili. Nilipiga kelele kiasi kwamba mbwa wa stesheni alihama.

Saili akaweka mwiko chini. Akawaambia wateja wamalizie kula nyumbani kwao, sahani wazirudishe baadaye. Akavuta meza ndani, na treni haikuwa imepiga honi. Akanionyesha kigoda, akafunga mlango nusu, akaanza kumenya viazi kama vile ndicho alichoniitia.

"Silijui," akasema.

Nikamwuliza halijui nini.

"Jina. Silijui, mdogo wangu. Sijawahi kulijua."

Nilidhani ananitania. Aliendelea kumenya, hakunitazama, akanieleza. Siku ya harusi kuhani alilitaja, lakini yeye alikuwa chini ya ushungi analia, ana miaka kumi na minne, ngoma zinapigwa, hakusikia kitu. Nyumbani mama mkwe alimwita Saila. Kaka zake walimwita Saila. Kazini Saila. Yeye alimwita "unasikia." Angemwuliza nani? Angemwendea mama mkwe amwambie, samahani mama, mwanao anaitwa nani? Akajipa moyo kwamba hakuna haraka. Watapata mtoto, kuhani atakuja kumpa mtoto jina, na siku hiyo lazima atataja na la baba.

"Nilikuwa nimeshajiandaa kabisa kusikiliza," akasema. "Nilisema siku hiyo silii."

Ikaja Oktoba, yeye akiwa ametumwa chumvi kwa jirani. Wote waliolijua wakaondoka kwa asubuhi moja. Watu walipoanza kumwuliza akasema mke hatamki jina la mume, wakamsifu. Kadiri walivyomsifu ndivyo alivyozidi kushindwa kusema. Mke gani hajui jina la mumewe? Wangesema hakuwa mke, alikuwa mgeni tu aliyelala pale miezi minane.

Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa yale niliyoyapayuka nje. Nikamwomba radhi. Nikamwambia siri yake itabaki kwangu, na kwamba nitakwenda kwa Norden nimpigie magoti akubali "Saila."

"Hapana," akasema. "Andika jina."

"Dada, si umesema hulijui?"

"La kuhani silijui. Lakini analo jina. Nilimpa mimi." Akatupa kiazi kwenye maji. "Mwaka wa pili. Nilikuwa nawasha taa ya kumwombea, nikaona siwezi kumwambia Mungu amtunze wa tatu. Wa tatu wapo wengi, atamjuaje? Nikakaa nikachagua jina, zuri. Tangu hapo ndilo ninalomwombea, kila siku, kimoyomoyo."

Nikatoa kalamu haraka kabla hajabadili mawazo. Nikamwuliza ni lipi.

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyekosa malezi.

"Padamlal, wewe ni mtu mzima. Mke hatamki jina la mume."

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nikamweleza, kwa sauti ya chini na kwa uvumilivu ambao sijui niliutoa wapi, kwamba jina hilo amelitunga mwenyewe, kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitumia, kwamba haliwezi kumpunguzia siku mtu ambaye hakuzaliwa nalo na ameshafariki. Akasema miaka yote hiyo ni lake, sasa lisiwe lake kwa nini. Nikasema aninong'oneze. Akasema kunong'ona pia ni kutamka. Nikasema amwambie mke wangu. Akasema mke wangu ndiye mtu wa kwanza atakayemdharau.

Nilifanya kazi ya ukarani miaka thelathini na minane na sikuwahi kuandika kitu nisichokuwa na uhakika nacho, hata uzito wa gunia. Hapo nilikuwa nimekaa jikoni kwa watu, naombaomba kuandika jina la uongo, na hata hilo la uongo ninanyimwa. Nikafikiria kuondoka. Nikamfikiria Norden na picha ya babu yake. Basi nikaanza kutaja majina. Ukoo nilikuwa naujua, Khadka, kwa hiyo nikataja ya mbele tu.

Nikasema Dilbahadur. Akamenya kiazi. Nikasema Harkaman. Akamenya kiazi. Nikataja wajomba zangu wote, nikataja niliosoma nao, nikataja madereva na wafunga breki na wauza maziwa. Treni ya saa sita ikapita, nyumba ikatikisika, vikombe vikagongana, tukasubiri ipite, nikaendelea. Nikawataja marehemu wa ukoo wangu mpaka nikawa nawaonea huruma kuitwaitwa. Yeye haitikii, hakatai, anamenya tu. Nilikuwa nimeshaishiwa, nataja ovyo, nikamkumbuka mtu aliyekuwa akituletea mafuta ya taa nilipokuwa mdogo.

"Manorath," nikasema.

Kisu kikasimama.

Akakiweka chini. Akafuta mikono kwenye nguo yake, kidole kimoja kimoja. Kisha akashika pindo la shali yake akalivuta juu ya kichwa, likashuka mpaka kwenye nyusi, kama afanyavyo bibi harusi mume anapoingia chumbani, akainamisha uso akatazama sakafu. Mama wa miaka sabini na moja. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Nikaandika polepole ili nisikosee: Manorath Khadka, mtupa mchanga. Nikatoka bila kuaga, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuaga.

Norden alisoma orodha Alhamisi asubuhi, akaguna. Akaniuliza kama mjane ametamka. Nikamwambia hajatamka. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika na jina hilo kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye kijitabu kile, na sikuwa namdanganya. Akampa mchongaji.

Sasa jiwe limesimama, majina kumi na saba, na mimi bado sina amani. Waongoza watalii wamejizoesha kuwasimamisha wageni wao pale kila asubuhi kabla ya kupanda, wakawasomea majina kwa sauti, moja moja. Saili naye amehamisha meza yake. Ameitoa pale ilipokaa miaka yote akaja kuiweka karibu kabisa na jiwe, mahali abiria wote wanapopita, wanajikwaa, wanalalamika kwa mkuu wa stesheni, na mkuu wa stesheni ananilalamikia mimi, eti kwa kuwa mimi na Saili tunasikilizana. Nimeshamwambia Saili asogee. Anasema sawa. Kesho yake yuko palepale, anageuza viazi, anasubiri wasome. Wakifika la kumi na saba anaacha mwiko na kuvuta shali mpaka kwenye nyusi, na kila siku kuna sufuria moja inaungua.